Anayekawia Kujibu

Kihara wa Subukia hakuwahi kupoteza hata shilingi moja kwenye poka, ule mchezo wa karata wa kamari, na hilo ndilo lililomfanya ajione mjanja. Alichezea kwenye simu, kwa chipu za bure badala ya pesa, kila alipomaliza kukamua ng'ombe. Kisha aliuchambua kila mchezo kwenye daftari: hapa niliingia na karata mbovu, hapa niliogopa bure. Miezi minane! Mkewe Njoki alisema hata watoto wao hawakuwahi kusoma hivyo. Na kweli alikuwa ameimarika, tusimnyime haki yake. Mtandaoni huoni sura ya mtu, kwa hivyo alijifunza kusoma muda. Aliandika kwa wino mwekundu na kupigia mstari: Anayekawia kujibu ameishiwa. Ukimsukuma, ataachia.

Sasa huyu ndiye ambaye ukoo ulimchagua awe msemaji siku wakwe walipokuja kumposa Kui, binti wa marehemu kaka yake. Jamani!

Wageni walitoka Nakuru mjini: Bravin, kijana mwenyewe, na babake, mzee Ogola, aliyefanya kazi miaka thelathini kwenye karakana ya reli. Kui alikuwa jikoni na wenzake, leso ziko tayari, wakingoja kufunikwa wote ili Bravin amtambue aliye wake. Mzee Ogola akasema wameleta ng'ombe wawili wa maziwa. Ukoo ulikuwa umeshakubaliana faraghani kwamba wawili wanatosha.

"Sisi tulitarajia wanne," Kihara akasema.

Mzee akanyamaza. Akamtazama Bravin, Bravin akamwinamia sikioni, mzee akanyamaza tena. Kihara akahesabu kimoyomoyo: sekunde kumi, kumi na tano. Moyo ukamdunda kwa raha. Ameishiwa huyu!

"Hizo mbili ndizo tuko nazo," mzee akasema hatimaye.

Njoki akamkanyaga mumewe mguu. Wapi! Mtu alikuwa ameshalewa ujanja wake.

"Mzee, kama mnataka msichana wa bei ya kutupa, si huyu wetu. Mlango ndio ule."

Kimya kingine, kirefu kuliko cha kwanza. Kihara akatabasamu, akingoja mzee aachie. Mzee Ogola akasimama, akavaa kofia, akashukuru kwa chai, akatoka na mwanawe. Hawakurudi. Kihara alibaki ametazama mlango kama fala.

Kui akatoka jikoni, leso begani, macho mekundu.

"Anko, mzee hasikii vizuri. Masikio yake iliharibiwa na mashine za kazi. Huwa anangoja Bravin amrudilie maneno. Ni hivyo tu."

Kihara aliona aibu mpaka uso ukamwaka moto. Kushindwa alikuzoea, kulijaa daftarini. Aibu ilikuwa ile raha aliyoisikia alipokuwa akihesabu kimya cha mzee wa watu.

Jumatatu akashuka Nakuru peke yake. Mzee Ogola alikuwa ameketi mbele ya mlango wake, kwenye zile nyumba za reli zilizoshikana, majirani wakifua nguo uani. Bravin alikuwa kazini. Kihara akainama, akasema kwa sauti ya chini ili wengine wasisikie:

"Mzee, nilikukosea. Nisamehe."

Mzee akaweka kiganja nyuma ya sikio. "Sema kwa nguvu."

Akarudia. Mzee akatikisa kichwa, hajasikia. Hakukuwa na namna. Kihara akasimama wima, akapaza sauti:

"Nilikukosea! Niliwatukana mkiwa wageni wangu! Wawili walitosha, na nilijua!"

Mama mmoja akaacha kukamua shuka. Ua mzima ukageuka kumtazama. Kihara alitamani ardhi ipasuke immeze.

Mzee Ogola akakawia kujibu. Safari hii Kihara hakuhesabu.

"Kui tunampenda," mzee akasema. "Tutakuja Jumamosi. Lakini mtafute mtu mwingine wa kuongea."