Kumi na Mmoja Ndani ya Leseni Moja

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma, na wanaume wa mtaa huu wameshanizoea. Wananiita Mama Cheche. Nitakwambia mwenyewe jinsi nilivyouvaa mkenge, maana ukisikia kwa mume wangu ataongeza chumvi.

Shule ya karibu yetu ilitangaza kazi ya geti jipya. Nilikuwa na mafundi wawili karakanani, na tusipoipata kazi hiyo ningelazimika kuwaambia warudi kwao. Kamati ilitaka michoro ya kompyuta, si ya chaki sakafuni kama nilivyozoea. Shemeji yangu akanionyesha muuzaji mtandaoni anayetoa leseni ya programu ya kuchorea kwa bei ya chee. Bei halisi nilikuwa naijua vizuri tu, lakini tamaa ikanipofusha, nikalipa.

Hakunipa leseni yenye jina langu. Alinitumia jina la kuingilia na neno la siri, akaniambia nisibadilishe chochote. Nikafurahi kama mjinga. Nikachora geti la mabawa mawili, la kufunguka kwa ndani, kwa vipimo nilivyokadiria kwa macho nikipita barabarani.

Siku ya nne nikafungua programu, nikakuta michoro isiyo yangu. Madirisha ya mtu, ngazi za mtu, na mageti matatu yenye simba waliovimba mashavu kama wanaumwa jino. Simba wale nawajua. Ni wa fundi wa mtaa wa nyuma, Bwana Rangi, anayeitwa hivyo kwa sababu hakuna ungio bovu asilolifunika kwa rangi. Nikahesabu mafundi kwa michoro yao. Tulikuwa watu kumi na mmoja ndani ya leseni moja, kila mmoja anachungulia chumbani kwa mwenzake. Na mchoro wa geti langu ulikuwa umefunguliwa jana yake, saa ambayo mimi nilikuwa nachomelea kitanda.

Nilipomwandikia muuzaji, akanifungia mawasiliano. Nikamgeukia shemeji.

"Kwani shida iko wapi?" akasema. "Si inafanya kazi?"

"Ndiyo, shemeji. Inamfanyia kazi Bwana Rangi."

Mume wangu, aliyekuwa ananyoa ndevu, akacheka mpaka akajikata. Nikaona amestahili.

Nikapiga moyo konde. Niliuza mashine yangu ya pili ya kukatia vyuma, nikaenda kwa wakala anayetambulika, nikapewa leseni yenye jina langu. Kisha nikaenda shuleni na futi, nikapima kama fundi mwenye akili zake. Kumbe ardhi ya uani inapanda. Bawa lolote lingegota ardhini kabla halijafika nusu. Nikachora upya, safari hii geti moja la kusukuma pembeni, juu ya reli, kando ya ukuta.

"Ule mchoro wa zamani umeufuta?" mume wangu akauliza.

"Nifute kazi yangu? Nimeuacha pale pale, kwenye leseni ya wengi."

Siku ya kamati Bwana Rangi alitangulia. Akatandaza mchoro mezani, kifua mbele. Mabawa yale yale, nondo zile zile, upana ule ule. Alichoongeza ni simba tu. Mwalimu mkuu, mama mmoja asiye na haraka, akaupenda. Nikaomba twende wote getini.

Pale nikampa Bwana Rangi futi yangu. "Tuonyeshe bawa lako litafika wapi likifunguka, kaka."

Akaishika futi usawa wa chini ya geti, akaivuta kwenda ndani. Hatua ya pili tu, vidole vikagusa udongo. Akainuka, akarudia, kana kwamba ardhi ingeshuka kwa heshima yake.

"Ulipima lini?" mwalimu mkuu akamuuliza.

"Wiki iliyopita, mama. Mimi mwenyewe."

"Hakupima mtu," nikasema. "Mchoro huo ni wangu. Niliuchora bila kupima, kwenye leseni ya magendo niliyoinunua kwa tamaa, na yeye akanunua hiyo hiyo. Huu hapa niliouchora baada ya kupima."

Mwalimu mkuu akausoma amesimama. Akatembea kando ya ukuta akihesabu hatua, akarudi.

"Unaanza lini, fundi?"

"Leo, mama. Mafundi wangu wawili wanasubiri hapo barabarani na sululu za kuchimbia njia ya reli."

Nikacheka kwa sauti mbele ya kamati nzima, wala sikuomba radhi.