Uduvi na Mlinzi Wake

Tangu asubuhi Wivine hakuwa ametoka chumbani. Zamani walikuwa wakilala humo. Sasa kitanda kilisimamishwa ukutani, na katikati ya sakafu palikuwa na shimo ambalo mume wake, Tshiamala, alilichimba akifuata kobalti, mita kumi na mbili kwenda chini. Dirisha waliliziba kwa turubai, majirani wasihesabu mifuko. Mtoto wao Gloire mgongoni, kamba mkononi, daftari la masomo ya jioni magotini.

Kanuni ya wachimbaji wa mtaa ule haikuwa na mjadala: anayekaa juu haondoki, hata kwa maji ya kunywa. Mvuto mmoja kutoka chini, mfuko umejaa. Miwili, napanda. Mitatu kutoka juu ni hatari: acha kila kitu, toka.

Saa kumi na moja jioni Wivine alikuwa na mtihani wa mdomo wa biolojia. Akiukosa, ni kungoja mwaka mzima tena. Tshiamala aliahidi kupanda saa tisa. Sasa ilikuwa saa kumi.

"Tata Gloire," alimwita mumewe shimoni. "Saa imefika."

"Ngoya kidogo, Mama Gloire. Napata mushipa ya muzuri ya kobalti huku."

"Ulisema vile saa tisa."

"Soma tu. Mi nasikia."

Akamsomea, kwa hasira kidogo. Huko baharini uduvi huchimba shimo mchangani, na macho yake ni hafifu. Samaki mdogo aitwaye gobi hukaa mlangoni akimlinda, naye hupata nyumba ya kulala. Uduvi akitoka kumwaga mchanga, sharubu yake haibanduki mwilini mwa samaki. Samaki akitikisa mkia, wote wawili huingia ndani.

Kicheko kikapanda kutoka gizani. "Kumbe mi njo uduvi. Kipofu."

"Weye njo unasema."

"Na ule samaki, haendake ku masomo?"

Wivine hakucheka. Alitazama kamba. Mivuto mitatu tu, na Tshiamala angepanda mbio. Vidole vilikuwa vimekwisha kukaza alipojiuliza: samaki akitikisa mkia bure, je? Siku ukuta utakapomwaga udongo kweli, Tshiamala angesema ni masomo yake tu, asipande.

Akalegeza mkono.

"Tata Gloire, sikia. Nilitaka kuvuta tatu, nikudanganye. Sikuvuta. Lakini nusu saa ikipita, mi nitaenda. Hapa juu hakuna mutu atabakia."

Chini, sururu ikaendelea.

Alijua haendi popote. Nani amwache baba wa mtoto wake gizani, bila mtu mlangoni? Saa kumi na nusu ikapita, naye amekaa, akikionea aibu hata kitisho chake.

Kamba ikatikisika mara moja. Mfuko, basi. Akafumba macho.

Ikatikisika tena.

Tshiamala alipanda, vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Alinawa mikono kwenye beseni, akamfungua mtoto mgongoni kwa mama yake.

"Ulibakia," alisema.

"Nilibakia."

"Toka. Rafiki yangu Stanislas iko na pikipiki yake ku barabara, atakupeleka. Umuambie mi njo nilikutuma."

Wivine alivaa viatu mlangoni, jua likimchoma macho. Alipogeuka, Tshiamala alikuwa amekaa palepale alipokuwa amekaa yeye, akimsogeza mtoto mbali na ukingo wa shimo, mara moja, halafu tena.