Kinyesi cha Popo, Alama Ishirini

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililomtia Rehani kinyaa tangu mwanzo.

Vitabu vya Historia ya Tanzania na Maadili vilikuwa bado havijafika shuleni kwao, shule ya bweni iliyo njia ya kwenda Kilwa Masoko. Ndipo Mwalimu Laurenti aliposimama mbele ya paredi na kutangaza ukombozi: faili la pamoja mtandaoni, la bure kabisa. Kila kundi la Kidato cha Tatu lingeandika mada yake humo, na wengine wote wasome, wasahihishe, waongeze. "Huu ndio Mfumo wetu wa Kidijitali wa Ujifunzaji," alisema, na wanafunzi wakapiga makofi kama walivyoagizwa.

Kundi la Rehani lilipewa biashara ya Kilwa ya kale. Wenzake wakamwachia kila kitu, maana ndivyo kazi ya kundi inavyofanywa. Akaandika dhahabu ya Sofala, akaandika pembe za ndovu, na kwa kuwa vidole vilikuwa vinamwasha, akamalizia kwa adabu zote: "Bidhaa iliyopendwa kuliko zote ilikuwa kinyesi cha popo, ambacho malkia wa ng'ambo walijipaka usoni." Kisha akakaa kusubiri kicheko.

Siku ya pili Happiness, monita wa darasa, aliikoleza wino sentensi ile. Siku ya tatu kundi la Devota likaongeza kichwa cha habari, "Athari za Biashara ya Kinyesi cha Popo", na chini yake ajira kwa vijana, kukua kwa miji na kuimarika kwa uhusiano wa kimataifa. Pembeni mwalimu akaandika: "Safi sana! Utafiti wa kina."

Rehani alijiona kama mtu aliyetema mate njiani, akarudi na kukuta watu wamepanga foleni na vikombe.

Ukaja mtihani wa kufunga muhula, na sharti lake: asiyefikisha hamsini haendi likizo, anabaki kambini wiki mbili. Na Jumamosi ya kwanza ya likizo dada yake Mboni alikuwa anaolewa, kwao Miteja. Baba yao alishatangulia mbele ya haki. Kaka ni yeye peke yake. "Usipotokea," Mboni alimwambia kwa simu ya matroni, "nitaolewa kama mtu aliyeokotwa."

Swali la sita, alama ishirini: eleza bidhaa iliyopendwa kuliko zote Kilwa ya kale, na athari zake. Rehani aliandika ukweli, dhahabu. Akapata sifuri, na jumla arobaini.

Akaenda ofisini.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Umekuja kulia?"

"Nimekuja kutubu. Ile ya popo niliitunga mimi, mwalimu. Ilikuwa utani."

Mwalimu Laurenti alifungua simu yake. "Faili hili lina watu thelathini na wanane. Thelathini na saba wamekubali. Wewe nani?"

"Mimi ndiye niliyewadanganya!"

"Punguza sauti." Mwalimu aliutazama mlango. "Nimeshalifunga, haliguswi tena. Nimelipeleka wilayani liwe mfano wa kuigwa. Sasa kule nikaseme nini? Kwamba darasa zima tumepakwa mavi, na mimi nikiwa wa kwanza?"

Wakatazamana. Kumbe alikuwa anajua. Mwalimu akasukuma karatasi nyeupe mezani.

"Jibu swali la sita upya. Hapa hapa. Kama lilivyo kwenye faili."

Rehani aliishika kalamu kama mtu anavyomshika panya aliyekufa, kwa ncha za vidole. Akamfikiria Mboni. Akaandika: popo, malkia, nyuso, ajira, miji, uhusiano wa kimataifa. Kulamba matapishi yako ni jambo moja. Kuyalamba kwa mwandiko mzuri, ukipigia mstari vichwa vya habari, ni jambo lingine kabisa.

Mwalimu akasahihisha kwa wino mwekundu, taratibu, bila haya. "Kumi na mbili."

"Kumi na mbili? Mwalimu, hii nimeitunga mimi mwenyewe!"

"Maelezo yako mafupi. Wenzako wamejaza kurasa mbili." Akasaini karatasi ya ruhusa. "Hamsini na mbili. Msalimie bibi harusi."

Nje alikuwepo Hussen, rafiki yake wa bwenini, amemshikia begi.

"Vipi, umepasi?"

"Nimepasi," alisema Rehani, akampita hadi bombani, akasukutua mara tatu.