Kabla Ngome ya Tatu Haijatoka

Tunduma ni mji wa kusubiri. Malori yanasubiri kuvuka kwenda Zambia, madereva wanasubiri karatasi, mama ntilie wanasubiri madereva waone njaa. Lakini mwaka ule wa 2014, ndani ya chumba cha gemu cha Bashiri, nyuma ya maegesho ya malori, kulikuwa na watu wazima na akili zao waliokuwa wanasubiri joka.

Joka lenyewe lilikuwa la kwenye gemu. Gemu lilikuwa na jina refu la Kizungu ambalo hakuna aliyelimaliza bila kujing'ata ulimi, basi hapa likaitwa Ngome. Unachagua kuwa mpiga upanga au mganga, unatembea nchi isiyokuwa kwenye ramani yoyote, unaongea na wanakijiji, unawasaidia au unawaibia, na wao hawasahau. Ngome ya Kwanza walishaichosha. Ya Pili waliijua kama njia ya kwenda chooni. Ya Tatu ilitangazwa kwamba ingetoka kabla ya Krismasi, na ubishi wake ulikuwa umeshaanza.

"Wameshaiharibu hiyo," alisema Lusubilo, fundi matairi ambaye sijawahi kusikia amesifia kitu chochote duniani. "Nimesoma mtandaoni. Ya Tatu ni ya mtu mmoja mmoja. Ukitaka kucheza na mwenzako, kila mtu awe na mashine yake na intaneti yake. Kwa intaneti ya Tunduma hii? Tunapigwa, wanangu."

"Hawawezi kuondoa wachezaji wawili," alisema Zabron. "Ngome bila watu wawili kwenye benchi si Ngome."

"Kakwambia nani?"

"Waliolitengeneza wenyewe, kwenye mahojiano."

"Wataondoa," akadakia Shamimu kutoka mezani, alikokuwa anapokea hela na kuangalia muda wa wachezaji. "Kila kitu kizuri wanakipunguza, halafu wanakiita kipya. Mnyiha, usije ukalia hapa, mimi sina leso ya kukupa."

Watu wakacheka. Zabron naye akacheka, ingawa hilo la watu wawili kwake halikuwa jambo la gemu.

Huyu Zabron alikuwa Mnyiha, mtoto wa wakulima wa kahawa kule Ruanda, Mbozi, Wamoraviani wa kuimba kwaya hadi mifugo inawajua sauti. Mjini alifanya kazi kwa wakala wa forodha, kutwa kukimbiza karatasi za mizigo baina ya ofisi za huku na za Nakonde, upande wa Zambia. Shamimu alikuwa mdogo wake Bashiri, binti wa Mzee Uledi, Mmanyema wa Ujiji aliyehamia Tunduma na malori yake. Bashiri alipokuwa safarini na malori ya baba, dada mtu ndiye aliyeshika chumba cha gemu.

Sasa, chumba kile kilikuwa na sheria yake, na sheria hiyo ndiyo iliyomponza Zabron. Kwenye gemu la mpira, anayefungwa anainuka, anampisha mwingine. Hakuna mjadala. Lakini Ngome haina kufungana. Wawili mnakwenda pamoja, mkifa mnakufa pamoja na kuanza upya, kwa hiyo hakuna anayeinuka. Mchana, wateja wakipungua, Shamimu alikuwa anatoka mezani, anachukua pedi ya pili ya kuchezea, anakaa kwenye benchi pembeni ya Zabron. Mlango uko wazi, barabara yote inaona, na hakuna wa kusema neno, kwa sababu wanacheza gemu. Mji mzima ule usingempa mahali pengine pa kukaa karibu na binti wa Mzee Uledi bila kuulizwa wewe nani na unataka nini.

Zabron mganga, Shamimu mpiga upanga. Shamimu alikuwa anakwenda mbele bila kuangalia nyuma, akijua kuwa mganga atamponya. Mwaka mzima alimponya hivyo, na mwaka mzima alimpenda, na hakusema.

Mwoga? Ndiyo, mwoga, na tusimfiche. Lakini alikuwa na mpango. Kwenye kafé ya intaneti alikuwa amesoma kwamba Ngome ya Tatu itakuwa na ukumbi wa viapo: wahusika wawili waliosafiri pamoja wanaweza kuingia humo, wakaapishwa, wakawa mke na mume, wakapewa nyumba. Basi Zabron akajipangia. Watafika ukumbini, mganga wake atapiga goti mbele ya mpiga upanga, na Shamimu ataona. Akikubali, atamgeukia pale pale kwenye benchi na kumwambia hata yeye mwenyewe anamaanisha. Akicheka, basi, si lilikuwa gemu tu? Watacheka wote na hakuna aliyeaibika.

Ndiyo maana kila Lusubilo aliposema wawili wameondolewa, Zabron alikuwa wa kwanza kubisha.

Krismasi ikafika, gemu halikufika. Wenye gemu wakasema halijaiva, litatoka Pasaka. Lusubilo akafurahi wiki nzima. Pasaka ikafika, wakasema mwezi wa nane. Zikatolewa picha mpya, na ubishi ukaanza upya: mbona joka limekuwa dogo, mbona nyuso za wanakijiji zimefanana, mbona wanaonyesha mtu mmoja tu anatembea? Zabron aliitazama ile video kwenye kafé mpaka mwenye kafé akamuuliza kama kuna ndugu yake humo. Alikuwa anatafuta kivuli cha mtu wa pili. Mwishoni kabisa, nyuma ya mti, akaona kitu kama kivuli. Alirudi chumba cha gemu mbio.

"Wawili wapo!" alimwambia Shamimu. "Nimeona."

"Umeona unachotaka kuona," alisema Shamimu, lakini alikuwa anatabasamu.

Baada ya Idi, mchana mmoja, umeme ukakatika wakiwa katikati ya msitu. Tivii ikazima. Wateja wakalalamika, wakatoka mmoja mmoja kwenda kutafuta soda. Shamimu hakuinuka. Alibaki kwenye benchi, pedi mapajani, anaangalia kioo cheusi kana kwamba bado kuna kitu cha kutazama.

"Baba ana wageni Ijumaa, baada ya swala," alisema. "Kutoka Kahama."

"Wa biashara?"

"Biashara gani inaletwa na mashangazi, Zabron?"

Hakumwita Mnyiha. Zabron aliliona hilo.

"Baba kaniuliza kama kuna mtu," Shamimu akaendelea, taratibu, kama anayemwongoza kipofu kuvuka barabara. "Kasema kama yupo, ajitokeze kabla ya Ijumaa. Hata kama ni mtu wa kuzungumza naye mambo ya dini, ajitokeze wazungumze. Nimemwambia nitamjibu."

Nani asiyeelewa maneno hayo? Hata mimi ninayesimulia, kila nikifika hapa natamani kumzaba kibao. Mlango umefunguliwa hadi mwisho, amebakiza kuingia tu. Zabron alifungua mdomo. Alifikiria baba yake na kwaya yake. Alimfikiria Mzee Uledi. Akafikiria, zaidi ya vyote, uso wa Shamimu ukicheka, na yeye hana pa kujificha, hana goti la mganga, hana ukumbi, hana kitu isipokuwa yeye mwenyewe na shati lake la kazini.

"Wamesema mwezi wa nane," alisema. "Safari hii ni kweli. Subiri kidogo tu, utaona."

"Nisubiri nini?"

"Ngome."

Umeme ukarudi, tivii ikawaka, feni ikaanza kulia. Shamimu akaweka pedi juu ya benchi, akainuka, akarudi mezani kwake, na hakukaa tena kwenye benchi lile.

Posa ikapokelewa. Bashiri ndiye aliyemwambia Zabron, tena kwa bashasha, akimpiga begani. "Shemeji yetu ana maduka Kahama. Mtu wa heshima. Sasa bro, kuna vitenge vya sare vinatoka Lusaka, yule dereva wa Zambia, Mulenga, anavileta kwenye lori lake. Wewe ndiye mtu wetu wa forodha. Nitolee, nakuaminia."

Akavitoa. Alisimama foleni Nakonde, akajibu salamu za "mulishani" za watu, akagongewa mihuri, akalipia ushuru wa vitenge vya kumwozea mwanamke anayempenda. Kisha akavibeba mwenyewe hadi nyumbani kwa Mzee Uledi. Shamimu ndiye aliyefungua geti, mkono mmoja umeshapakwa hina.

"Shamimu," alisema Zabron, mifuko ya plastiki ikimkata vidole, "mimi siku ile nilitaka kusema."

"Nini kilikuzuia?"

Akamweleza. Ukumbi wa viapo, goti la mganga, yote. Alipokuwa anaeleza, yeye mwenyewe alisikia jinsi yalivyokuwa madogo, lakini alishaanza, akamaliza.

Shamimu alicheka kwanza. Kilikuwa kicheko cha kweli, kile kile alichokuwa anakiogopa, na Zabron akagundua kuwa hakiui. Kisha kicheko kikageuka, na Shamimu akaegemea geti, analia huku ameushika mbali ule mkono wenye hina usiharibike.

"Nilikaa pale mwaka mzima," alisema. "Bega langu lilikuwa hapa, na lako hapa. Ulitaka nani akwambie, joka?"

"Ungekubali?"

"Sasa ndiyo unaniuliza." Alijifuta uso kwa kiwiko. "Ningekubali. Ningegombana na nyumba nzima, na ningekubali. Haya, nipe vitenge, mashangazi wanasubiri."

Akampa. Geti likafungwa, na Zabron akabaki barabarani na alama nyekundu kwenye vidole, kampeni za uchaguzi zikipita na vipaza sauti, kila gari linaahidi kitu.

Ngome ya Tatu ilifika baada ya harusi. Mulenga aliileta kutoka Johannesburg, imefungwa ndani ya fulana ili isikwaruzwe, na chumba cha Bashiri kilijaa mpaka watu wakasimama mlangoni. Zabron hakutaka kwenda. Alikwenda.

Na gemu lilikuwa zuri. Hilo ndilo lililomuuma zaidi, kwamba lilikuwa zuri hivyo. Joka lilikuwa kubwa, lilitanda tivii nzima. Wanakijiji walikuwa na nyuso zao, kila mmoja na wake. Na mwanzoni kabisa, mashine iliuliza: mchezaji mmoja, au wawili?

"Nimekosea," alisema Lusubilo, na chumba kizima kikashangilia, maana hakuna aliyewahi kumsikia akisema hivyo. "Mnyiha alikuwa sahihi. Pole, mzee. Wawili wapo."

Wakampa Zabron pedi ya kwanza, kama heshima. Ya pili akashika Lusubilo. Walicheza hadi jua likaanza kushuka, wateja wakaenda kula, wakabaki wao wawili na Bashiri mezani, na njia ikawafikisha kwenye jengo la mawe lenye taa nyingi. Zabron alilijua kabla ya kusoma kibao chake. Mganga wake akasimama mlangoni, na mpiga upanga wa Lusubilo akasimama pembeni, na maandishi yakawauliza kama wanataka kuingia. Zabron alishindwa kubonyeza. Macho yalimjaa maji na hakuyaficha.

Simu ya Bashiri ikalia. Akaongea, akacheka, kisha akamnyooshea Zabron.

"Shamimu huyu. Anataka habari za gemu lenu."

Zabron akaipokea kwa mikono miwili.

"Mnyiha."

"Mmanyema. Hujambo huko?"

"Sijambo. Nimesikia limekuja."

"Limekuja."

"Joka je?"

"Kubwa. Limejaa tivii."

Nyuma ya sauti ya Shamimu, Zabron alisikia vyombo vikigongana, na mwanamke mtu mzima akimwita aje, na Shamimu akiitika, "Abee mama, nakuja." Kisha sauti yake ikarudi, ndogo zaidi, karibu zaidi na simu.

"Na wawili? Wanakaa wawili?"

Lusubilo alisikia, akafungua mdomo ajibu kwa sauti. Zabron akainua mkono kumzuia. Kwenye tivii wale wawili walikuwa bado wamesimama mlangoni, wanapumua, wanasubiri kuambiwa.

"Hapana," alisema Zabron. "Waliondoa. Ni ya mtu mmoja tu."

Alimsikia akishusha pumzi, pumzi ndefu ya mtu aliyetua ndoo kichwani.

"Si nilikwambia," alisema Shamimu. "Nilikwambia wataondoa."

"Ulisema kweli," alijibu Zabron, akamrudishia Bashiri simu yake.