Regileta ya Mdomo Mdogo

Mimi nikikasirika hununua kitu cha bei. Wengine hulia, wengine hulala, mimi hununua. Kwa hivyo siku Henry, mwalimu wetu wa kupiga mbizi, aliponiambia mbele ya wenzangu kwamba huenda sikuumbiwa bahari, nilivaa viatu nikapanda basi mpaka Al Sadd, kutafuta regileta ghali kuliko zote zilizoko Doha.

Regileta ni kile kifaa ambacho mpiga mbizi hukitia mdomoni ili avute hewa kutoka kwa mtungi ulioko mgongoni. Nilipomwambia Milcah, tuliyekuwa tukiishi naye chumba kimoja mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, kwamba naenda kununua regileta, alitazama jikoni. "Kwani hii ya gesi ina shida gani? Si inawaka vizuri tu?"

"Milcah, tafadhali. Leo usinichekeshe."

Hiyo ilikuwa mwaka wa 2011. Nilikuwa mlinzi wa bwawa la kuogelea katika hoteli moja ya mjini, mwanamke peke yangu kati ya wanaume, na kazi yangu nilikuwa naijua. Kuogelea nilijifunzia Mto Nzoia na kaka zangu, na nimewahi kumtoa majini mwanamume mnene mara mbili yangu. Halafu hoteli ikasema bwawa linafungwa, linajengwa upya. Atakayefaulu mafunzo ya kupiga mbizi atabaki, awe akiwasindikiza wageni baharini. Asiyefaulu atapewa tikiti ya kurudi kwao. Kwetu ni Bungoma, na huko kuna mama ambaye sukari ya chai yake na dawa zake zilikuwa juu yangu. Sikuwa na nafasi ya kufeli, haki ya Mungu.

Na nilikuwa nafeli. Si kuogelea, si kuelewa, darasani nilikuwa naongoza. Shida ni ile regileta ya hoteli. Nikishaitia mdomoni nikashuka chini, koo linafunga. Ghafla tu! Naitema, napanda juu mbio, nakohoa kama mbuzi aliyekabwa na ganda la ndizi. Henry, Mwingereza aliyekuwa akitufundisha, si mtu mbaya. Alinipa nafasi tena na tena. Lakini alichokuwa akikiona ni mtu mwoga, na hakuna aliyekuwa akiona kitu kingine, hata mimi mwenyewe.

Milcah alinipeleka kanisani Mesaimeer siku ya Ijumaa, maana huko ndiyo siku ya mapumziko, akanisukuma mpaka mbele. Mchungaji akaikemea roho ya woga, akina mama wakaniwekea mikono kichwani mpaka nywele nilizosuka jana yake zikalegea. Nikaitikia amina kwa nguvu zangu zote. Wiki iliyofuata nikaingia majini, nikatema tena. Nikaona basi, hii roho imeshapata iqama, kibali cha kukaa, haitoki nchini.

Ndiyo maana nikaenda Al Sadd. Nilijiambia kwamba kama ushujaa sina, wacha niununue. Henry alikuwa ameshasema kila mtu aje na regileta yake kwenye mtihani wa baharini, mdomo wa mtu ni mdomo wa mtu. Nikaingia dukani, nikasoma bei ya kwanza, nikanung'unika, "Ai! Kwani hawa wanauza dhahabu?"

"Si dhahabu, dada'angu. Ni hewa," mtu akanijibu kwa Kiswahili nyuma ya kaunta.

Alikuwa Kassim, mwuzaji, mtu wa Makunduchi, Unguja. Mwembamba, kofia ya kazi imemwangukia masikioni, mpole mpaka anaudhi. Nikamwambia sitaki hadithi, anipe iliyo ghali kuliko zote.

"Hii hapa," akasema. "Hii hata ukipiga mbizi chini ya barafu, haigandi. Barafu ya hapa Doha utaipata wapi, kwenye glasi ya juisi?"

"Nipe hiyo hiyo."

"Sikupi. Maji ya hapa mwezi wa nane ni supu, dada. Utalipia barafu usiyoiona."

Nani amewahi kuona mwuzaji wa namna hii? Nikamkodolea macho. Yeye hana habari, anaendelea kupanga vitu mezani. "Utachukua hii ya mdomoni, na saa ya kuonyesha hewa iliyobaki, na pweza."

"Na nini?"

"Pweza. Hapo sina mjadala. Bila pweza sikuuzii."

Sasa sikieni. Sisi watu wa Bungoma pweza si chakula chetu, lakini nimefanya kazi Mombasa, na supu ya pweza naijua. Najua wanaume huinywa jioni, na najua kwa nini huinywa. Damu ikanipanda.

"Wee! Heshimu mke wa mtu!" nikamfokea, na mume mwenyewe sina.

"Astaghfirullah!" Kassim alirudi nyuma akagonga rafu. Akachomoa haraka mpira wa manjano, mrefu, wenye kifaa cha mdomoni kwenye ncha, akaushika juu kwa mikono miwili. "Huu ndio pweza, dada! Mdomo wa akiba. Mwenzako akiishiwa na hewa chini huko, unampa. Wameuita hivyo kwa ajili ya mikono yake mingi, wallahi si mie niliyeuita!"

Mhindi wa kupokea pesa alikuwa amesimama, anatutazama. Nikaanza kucheka. Kassim naye akacheka, akacheka mpaka akashika kaunta. Tangu Henry aseme maneno yake nilikuwa sijacheka, na nafikiri kicheko hicho ndicho kilichonilegeza ulimi, maana nikamwambia yote: koo, kutema, maombi, tikiti.

Hakunipa pole. Alifunga regileta kwenye mtungi uliokuwa pale dukani, akaniletea kiti. "Kaa. Tia mdomoni, upumue."

"Hapa? Watu wote wanaona?"

"Hapa pana maji? Kama ni woga wa bahari, hapa utapumua vizuri tu. Hebu tuone."

Nikakaa katikati ya duka kama mjinga, wateja wanapita na vikapu vyao. Nikatia mdomoni. Nikavuta mara moja, mara ya pili, na koo likafunga. Pale pale, juu ya kiti, bila tone la maji! Nikaitema, machozi yamenitoka.

Kassim alikuwa ananitazama kidevu, si macho. "Umehisi nini?"

"Nataka kutapika."

"Kutapika, si kukimbia?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikafikiri. "Kutapika."

"Basi huo si woga, dada. Huu mpira unaoung'ata ni mkubwa, unakufika kooni. Una mdomo mdogo."

"Mimi?" Nyumbani kwetu tangu utotoni naambiwa nina mdomo mkubwa, na hawasemi kwa kunisifu.

"Kwa maneno sijui. Kwa mpira ni mdogo." Akaingia stoo, akatoka na mpira mwingine, mfupi, laini. Akakata kamba ya plastiki iliyoushika ule wa kwanza, akafunga huu. Kisha akaniwekea regileta tatu mezani, akanieleza kama anayemwozesha binti yake. Hii nzuri lakini nzito, itakuchosha taya. Hii nyepesi, lakini siku ukirudi Kenya vipuri vyake utavitafuta mpaka uchoke. Hii ya kawaida, haina madaha, fundi wa Mombasa anaijua, na ndiyo hiyo aliyokuwa ameifungia ule mpira mfupi, akataka niijaribu.

Nikaitia mdomoni. Nikavuta, hewa ikaja. Nikatoa, ikatoka. Nikavuta tena, nikangoja koo lifunge. Halikufunga. Nikakaa pale napumua, napumua tu, mate yananichuruzika kidevuni, na Kassim akaenda kuhudumia wateja wengine akaniacha nipumue mpaka nitosheke. Alinifungia ile ya kawaida, na pweza wake.

Siku ya mtihani walitupeleka kwa boti, na njia nzima nilikuwa naukagua ule mpira mfupi, tena na tena. Kujua ni kitu kimoja, na mwili nao una ubishi wake. Henry akanitazama, akaniuliza kwa Kiingereza chake cha upole kama niko tayari kweli. Nikamwambia tushuke kabla sijabadili mawazo.

Tukashuka. Maji yalikuwa na vumbi la mchanga, namwona Henry nusu nusu. Tulipofika kwenye kina ambacho siku zote koo hunisaliti, nikaung'ata ule mpira wangu mdogo, nikangoja. Nikavuta, nikatoa. Tukashuka zaidi mpaka magoti yetu yakagusa mchanga. Henry akanionyesha kwa mkono: itoe mdomoni, uirudishe. Nikaitoa. Nikapuliza mapovu taratibu kama tulivyofundishwa, nikairudisha, nikavuta. Hewa ikaja.

Kumbe sikuwa mwoga! Miezi yote hiyo nimebeba jina lisilo langu, nimelibeba mpaka madhabahuni, kumbe lilikuwa jina la kipande cha mpira. Nililia mle ndani ya miwani, kwenye kina kile, na nikaendelea kupumua huku nalia. Henry akanipa mkono. Aliushika wangu kwa muda mrefu, na tulipotoka juu alinitaka radhi mbele ya wale wale wenzangu.

Kabla sijavua hata nguo za mbizi nikaazima simu kwa nahodha, nikampigia Kassim dukani.

"Kassim, ni Scovia. Wa Bungoma. Yule wa pweza."

"Imeharibika?" akauliza haraka. "Inavuja wapi?"

"Haijaharibika. Nimepita! Nimeshuka mpaka chini, nimepumua, nimepita. Asante. Mungu akubariki, Kassim, asante sana."

Nikamsikia anapenga kamasi.

"Dada," akasema, "mie tangu nianze kuuza hapa, mtu akinipigia simu ni kwamba kitu kimeharibika. Hajanipigia hata mmoja kunambia kimefanya kazi."

Mimi mwenye mdomo huu, nikamwahidi nitampigia tena. Nilikaa Doha miaka mingine mingi na kazi ile ile, mama akala sukari yake na dawa zake, na kila Ijumaa nikitoka Mesaimeer nilikuwa nampigia Kassim. Salamu yetu ilikuwa moja.

"Kassim, haijaharibika."

"Alhamdulillahi," hujibu. "Hebu nambie tena."

Nami humwambia tena.