Kaka Zake Premlata

Wahindi wa mji wa Bungoma, mwaka ule wa 1938, wangeenea kwenye lori moja na bado pangebaki nafasi ya magunia ya mahindi. Premlata, binti wa mwenye duka la vitambaa, hakuzaliwa na kaka. Basi mama yake, mwanamke asiyekubali kukosa kitu, akamtafutia. Kila sikukuu ya uzi ilipofika alimwita mvulana wa kila duka, Premlata akamfunga uzi mwekundu mkononi, na tangu hapo mvulana huyo akawa ndugu yake, wa kumlinda wala si wa kumwoa. Unadhani ni mzaha? Thubutu! Mila hiyo haichezewi.

Alipotimiza miaka kumi na minane, mji mzima ulikuwa kaka zake.

"Hata sisi hatuoani ukoo moja," Nekoye, mwenyeji wa pale aliyewaletea maziwa kila asubuhi, alimwambia Premlata. "Lakini sisi ni wengi. Nyinyi mko kidogo hivi, na mnajimaliza! Sasa utaolewa na nani, bana?"

Premlata alicheka tu, maana jibu alikuwa nalo. Avtar, seremala Kalasinga wa Kitale, Mhindi asiye wa dini yao, alikuwa amekuja kuwaezekea duka. Kipunjabi cha mmoja na Kigujarati cha mwingine havikuelewana, wakazungumza Kiswahili, nacho kikawatosha. Walikubaliana hivi: Avtar akae Kitale mpaka sikukuu ipite, kisha amtume shangazi yake kuja kuposa.

Mama naye hakuwa kipofu. Alimpelekea Avtar salamu kwa dereva wa lori: njoo siku ya sikukuu, tunakungoja. Maskini, akadhani amekubaliwa. Akaja na kilemba kipya na kikapu cha peremende, akakuta sebule imejaa Wahindi wote wa mji, na sinia yenye uzi iko katikati.

Premlata alitamani ardhi ipasuke immeze. Akikataa kufunga, ametangaza mbele ya kadamnasi kwamba anamtaka Kalasinga. Jina lake lingetafunwa toka Bungoma hadi Kitale, na wangemsafirisha Bara Hindi kabla mwezi haujaisha. Akifunga, amempoteza. Mlango ulikuwa mmoja tu, na mama alisimama papo hapo akitabasamu.

"Funga, mwanangu. Mgeni asitoke mkono mtupu."

Akaufunga kwa kuulegeza makusudi, uanguke wenyewe kabla ya kusomwa dua ya kuthibitisha undugu. Ukateleza kweli. Avtar aliuona. Aliwatazama wazee, akaona jinsi walivyomkodolea macho msichana, akaelewa watakalomfanya. Akaudaka kwa mkono wa pili, akaishika ncha moja kwa meno, akaukaza mpaka nyama ikafinyika.

"Asante, dada," akasema kwa sauti, wote wasikie.