Kifua Wazi cha Mwalimu Mfaume

Mume wangu alifundisha historia sekondari huko Kibaha mpaka akastaafu, na katika miaka yote hiyo hakupata kumtaja Bernardo O'Higgins hata mara moja. Walikutana baada ya kustaafu, kwenye simu, mume wangu akiwa amejilaza kochini. Tangu siku hiyo nyumba yetu ya Marui ikawa na wanaume wawili, na hakuna hata mmoja aliyechota maji.

Nitamweleza mtu huyo kwa kifupi, maana mimi nimeelezwa kwa kirefu. Alikuwa miongoni mwa walioikomboa Chile kutoka kwa Wahispania, kisha akaitawala. Akafuta vyeo vya kurithi. Baadaye watu wakamchoka. Mwaka 1823 wakubwa wa mji wa Santiago wakakusanyika wakamtaka aondoke. Akavua utepe wake wa madaraka, akafungua kifua, akasema kama kuna mtu ana kisasi naye, kifua hiki hapa. Wakamshangilia. Halafu akaenda uhamishoni Peru, na hakurudi tena akiwa hai.

Mfaume alipenda kifua na shangwe. Peru aliisoma mbiombio.

Sasa, Mfaume alikuwa mwenyekiti wa kamati ya maji ya kijiji. Muhula wake ulikwisha zamani, ila uchaguzi alikuwa hajauitisha. Ufunguo wa chumba cha mashine ya kisima aliuvaa shingoni kwa kamba, analala nao. Mashine iliwaka akishakunywa chai, na chai yake haikuwa na haraka. Wanawake walikaa juu ya ndoo zao wakimsubiri, naye akifika anawapa kwanza habari za vita vya Chile.

Ningeweza kuvumilia hayo. Nimevumilia mengi kwa mtu huyu. Lakini binti yetu Yasmin, anayeishi Kibaha kwa mumewe, alikuwa na mimba ya kwanza, na kwetu binti hujifungulia kwa mama yake, akakaa mpaka arobaini. Nilikwisha kutayarisha chumba, kitanda, pazia jipya. Akapiga simu.

"Mama, maji yanatoka?"

"Yanatoka."

"Kila siku?"

"Baba yako akiamka vizuri."

"Basi siji, mama. Nepi za mtoto hazitasubiri baba amalize chai. Mama mkwe kasema nikae kwake."

Mjukuu wangu wa kwanza aogeshwe na mtu mwingine, kwa sababu ya chai!

Wiki ileile mhandisi wa maji akaja kijijini. Pampu ya sola ipo, akasema, na mabomba yapo, ila vitakabidhiwa kwa kamati iliyochaguliwa na wananchi, si kwa mtu aliyejisahau kwenye kiti. Mfaume akaitisha mkutano siku hiyohiyo. Nilifurahi mpaka nilipomkuta mbele ya kioo, amejivika kitambaa chekundu kutoka begani hadi kiunoni.

"Hilo si pazia la chumba cha Yasmin?"

"Ni utepe wa madaraka, mama Yasmin. Nimekata kipande tu."

"Umekata pazia langu."

"Sikiliza kwanza. Nitauvua mbele yao. Nitaweka ufunguo chini. Nitafungua kifua. Watalia, watasema Mwalimu usituache. Nami nitakubali kubaki, kwa shingo upande."

"Na wakinyamaza?"

"Wewe hujui umati."

"Nina stashahada ya maendeleo ya jamii, Mfaume. Nimeendesha mikutano tangu hujaota mvi. Mtu mwenye ndoo tupu halii."

Akacheka kidogo, kama alivyokuwa akicheka akisahihisha mtihani.

"Na nimemsoma huyo mtu wako," nikaendelea. "Baba yake hakumtambua hadharani. Naye alipopata mtoto wa kiume nje ya ndoa, hakumtambua kisheria. Hapo uliruka. Wewe nawe uko radhi mjukuu wako akulie kwa watu, ubaki na ufunguo."

"Hiyo si sehemu muhimu ya historia."

"Kwa aliyezaliwa, ndiyo yote."

Mkutano ulifanyika uwanja wa shule. Mfaume alianzia milima ya Andes akaja nayo taratibu mpaka kwenye mashine yetu ya dizeli. Watoto wachanga walianza kulia, wakubwa wakaanza kupiga miayo. Hatimaye akavua utepe, akauweka chini mbele ya meza. Akavua ufunguo shingoni, akauweka juu ya utepe. Akafungua vifungo vya shati. Ndani alivaa fulana yenye matundu niliyokuwa nimeitenga iwe dekio.

"Kama kuna mtu nimemkosea," akapaza sauti, "kifua changu hiki hapa!"

Hakuna aliyesema Mwalimu usituache.

Akangoja. Alikuwa na uso wa mtu aliyenyoosha mkono kupokea zawadi.

Mzee Kibwana, ambaye hapa kijijini hakuna anayemzidi umri, akakohoa. "Funga vifungo, Mwalimu. Wakwe zako wako hapa."

Ndipo Kwandu akasimama. Huyu ni mama wa Kisukuma, yeye na mumewe walihamia hapa na ng'ombe wao zamani, na watoto wao wamezaliwa hapa. Sisi Wazaramo na Wasukuma ni watani. Mtani anaweza kukutukana msibani na kubeba kiti ulichokalia, na ukinuna, mwenye kosa ni wewe. Kwandu akakaza khanga yake, akaenda mbele, akaokota utepe akajivika. Ufunguo akautia shingoni.

"Jamani, mmeona? Mzaramo ametupa kitu mchana kweupe. Kitu kilichotupwa kina mwenyewe?"

"Hakina!" wakajibu wanawake, kwa sauti ambayo Chile nzima ingeisikia.

"Na hicho unachotuonyesha, Mwalimu, si kifua. Ni ubao wa kufulia. Ndama wangu aliyefiwa na mama yake amenona kuliko wewe."

Uwanja ukaangua kicheko.

"Kwandu, weka hapo," akasema Mfaume. "Hili ni jambo la historia."

"Basi historia imenikabidhi ufunguo. Kesho mashine inawaka alfajiri."

"Nimesema weka!"

Mzee Kibwana akainua fimbo. "Utani haununiwi, Mwalimu. Ukitaka vyako, komboa."

Mume wangu akanitazama mimi. Miaka yote ya ndoa yetu amenitazama hivyo akishakwama, nami humnasua. Nikasimama.

"Mimi mkewe nimemwona akijiuzulu," nikasema. "Nanyi mmemwona. Kiti kiko wazi. Nampendekeza Kwandu."

Mikono ikapanda yote. Mwenyekiti wa kijiji hakuhangaika kuhesabu.

Jioni Mfaume akaenda kukomboa. Alichukua kuku, na hakunihoji ni yupi, akachukua mtetea wangu anayetaga. Nilimfuata ili nione kuku wangu anakokwenda. Kwandu akampapasa kuku, akaridhika.

"Huyu ana kifua." Akavua utepe akampa.

"Na ufunguo?"

"Kuku mmoja, kitu kimoja, mtani wangu. Halafu ufunguo haukuwa wako. Utakomboaje cha watu?"

Aliporudi alitoa begi uvunguni akaanza kukunja mashati.

"Naenda uhamishoni," akasema.

"Peru?"

"Kibaha. Kwa binti yangu. Yeye anajua heshima." Akapiga simu palepale, akaweka sauti kubwa ili nisikie nitakavyopungukiwa.

"Karibu, baba," akasema Yasmin. "Ila Jumamosi mimi nakuja huko. Mama kaniambia kuanzia kesho maji yatatoka alfajiri. Mume wangu yuko safarini, kwa hiyo utajipikia. Unga upo kabatini."

Mfaume alilitazama begi. O'Higgins alikwenda Peru na mama yake na dada yake. Wa kwetu hajui hata kubandika chai.

Akarudisha mashati.

Yasmin alijifungua salama, mtoto wa kike, na nilimwogesha mimi. Pampu ya sola ilifungwa kabla ya arobaini kutimia. Kipande cha pazia nimekishona mahali pake. Mshono unaonekana, na sijali. Nepi zinahitaji maji asubuhi na jioni, na mwenye nafasi nyumbani ni mmoja. Jana nilimwona bombani akiwa na ndoo mbili, amepita mbele ya watu wote.

"Mkombozi," Kwandu akamwambia, "foleni inaanzia kule nyuma."

Akaenda nyuma. Akamgeukia mama aliyekuwa mbele yake, akaanza kumsimulia habari za Peru. Yule mama akamwambia asogeze ndoo.